Keki ya Kijani na Mafuta ya Kwetu

Nyinyi mnaoanza kazi za usafi huku Stockholm, kabla sijafika kwenye mafuta, shikeni hili moja: usianze na sakafu, anza na pipa. Sakafu itakuambia watu walipita wapi. Pipa litakuambia walikuwa na hali gani walipopita. Nimemwaga mapipa ya ofisi za mji huu kwa miaka ishirini na miwili, mpaka mgongo ukagoma, daktari akaandika karatasi, nami nikaitwa mstaafu nikiwa na miaka hamsini na sita, meno yote bado yangu. Shule niliishia darasa la nne. Lakini niwekeni mbele ya pipa la mtu yeyote, nitawaambia kama mkewe amemkasirikia.

Naandika kwa sababu kila Jumamosi pale kitongoji cha Alby nawaona mkionyeshana simu. "Tazama, mafuta yamepanda! Kwetu sasa kutakuwa Dubai!" Mimi hunyamaza, nakunywa chai yangu. Leo sinyamazi. Kuna watu watatu walioniharibia akili kwa habari ya mafuta, na nitawataja kwa majina, mmoja mmoja.

Lakini kwanza Aino, ambaye hana kosa. Aino ndiye aliyenifundisha kazi: mama wa Kifini, mfupi, mikono kama ya mwashi. Kiswidi chake kilikuwa kibovu kuliko changu, kwa hiyo tulielewana vizuri mno. Siku ya kwanza niliinama kuokota karatasi, akanichapa paja kwa mpini wa mopu.

"Piga magoti! Karatasi ni ya kwao, mgongo ni wako."

Nilimtii wiki mbili. Matokeo ndiyo haya, naandika nimeegemea mto wa mgongo niliopewa hospitali.

Alinifundisha kwamba kitambaa chekundu ni cha choo na cha buluu ni cha meza, na anayevichanganya Mungu anamwona hata kama bosi hamwoni. Alinifundisha kukamua mopu mpaka isidondoshe tone, maana sakafu ya mbao ikinywa maji huvimba na wewe ndiye utakayeulizwa. Na alinifundisha habari ya keki. Waswidi, alisema, hawapigi vigelegele, hawachinji mbuzi. Wakifurahi kazini wanakata keki, ile ya kijani yenye ua la waridi juu, wanaila kimya kimya na kahawa, basi, sherehe imekwisha. Kwa hiyo ukikuta boksi la keki pipani asubuhi, ujue jana kulikuwa na jambo.

"Lakini uliza keki ni ya nini," aliniambia. "Wanaikata hata mtu akifukuzwa."

Sehemu hiyo ya mwisho niliisahau.

Miaka yangu mingi niliifanya katika ofisi moja ya ghorofa ya nne, katikati ya mji. Watu kumi na wawili, mashati yamepigwa pasi, viatu vya michezo, wanatazama vioo vya kompyuta vyenye namba za kijani na nyekundu. Sikujua wanauza nini. Hakukuwa na ghala, hakukuwa na gunia, hata sampuli ya kuonja haikuwapo. Baadaye nikaelewa kwamba wanauza na kununua vipande vya kampuni za watu wengine, hasa kampuni za mafuta. Mkubwa wao alikuwa Göran. Mrefu, mpole, ananisalimia kwa jina. Hili ndilo linaloniudhi mpaka leo: mtu wa pili kwenye orodha yangu alikuwa mtu mzuri.

Nilianza naye vibaya. Asubuhi moja nilikuta ubao mweupe umejaa michoro na namba, nikaona ni uchafu, nikaufuta ukang'aa. Kumbe zilikuwa hesabu zao za bei ya mafuta kwa miaka kumi ijayo. Watu sita walijifungia chumbani nusu siku wakijaribu kuzikumbuka. Göran hakunigombeza. Waswidi hawagombezi, wanabandika karatasi. Kesho yake nikaikuta: TAFADHALI USIFUTE. Na chini yake hesabu mpya. Mchoro niliofuta ulikuwa unapanda kama mlima. Huu mpya ulikuwa umelala kama mtu mwenye homa. Ningekuwa na akili, ningejifunza pale pale thamani ya utabiri wao. Lakini mtu akivaa shati zuri namna ile unaamini hata akikosea.

Siku nyingine napangusa meza yake, nikaona ramani. Nikaona ziwa. Nikasoma jina: Albert. Ziwa letu! Nikafuata ukingo kwa kidole mpaka kijijini kwetu, upande wa Hoima. Göran akaingia na kahawa yake.

"Hapa," nikamwambia, sikukitoa kidole. "Mama yangu kazikwa hapa."

"Jaså?" Hilo ni neno lao, kama vile "kumbe", ila halitoki mbali sana moyoni. Akainama, akatazama. "Hicho ni kitalu cha tatu cha mafuta."

Mama yangu mzazi, kwenye karatasi yao, alikuwa kitalu cha tatu.

Kijijini alibaki dada yangu Penina, na shamba la mama: karanga juu, mihogo chini, kaburi pembeni ya mihogo. Sisi Wanyoro tunaitana kwa majina ya heshima. Yeye ni Abwoli, mimi ni Araali, na siku akiniita kwa jina la ubatizo najua nimekosa.

Yalipoonekana mafuta, kijiji kizima kilishikwa na wazimu. Kampuni iliyokuja kuyatafuta ilikuwa ndogo, na hisa zake zilikuwa zikiuzwa huku huku Stockholm. Nembo yake ilikuwa ndege mweupe, basi sisi tuliiita Ndege. Ndege akipanda bei huku, kule lami inasogea. Siwatanii. Hisa zikipanda, kampuni inapata watu wa kuipa fedha. Ikipata fedha inaleta mitambo, mitambo inataka barabara, barabara inaleta benki, na benki inamkopesha kila mwenye hati ya ardhi ajenge vyumba vya kupangisha wafanyakazi wa mafuta watakaokuja. Watakaokuja! Mafuta yenyewe hayajatoka ardhini hata kikombe kimoja. Wavuvi waliuza nyavu wakaanza kula samaki wa kopo. Jirani yetu Yokana aling'oa migomba yote akajenga vyumba kumi na kimoja, kila kimoja na choo chake cha ndani.

Penina alikuwa bado. Alikuwa anangoja neno langu: apeleke hati ya shamba la mama benki ajenge vyumba, au asipeleke. Alinisikiliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa Ulaya, ndani ya ofisi ya wenye mafuta. Nilikuwa humo na mopu, lakini kwenye simu sikulitilia mkazo hilo.

Sasa namtaja wa kwanza. Robert wa Sundbyberg. Mganda mwenzangu. Alisoma kompyuta msimu mmoja wa baridi, na tangu hapo hajavua tai. Jumamosi tulikuwa tunakutana Alby kwa Mama Furaha, Mkongo wa Uvira anayefua nguo kwenye nyumba ya wazee, mama mwenye mkono mzuri wa sombe, kisamvu cha kwao, kuliko wote mji huu. Robert ndiye aliyetufundisha kununua hisa kwa simu. Tulikuwa watu tisa, na wote tukanunua Ndege. Mama Furaha aliweka fedha alizokuwa amelimbikiza ili amjengee mama yake nyumba ya matofali Uvira.

Na mimi nilikuwa nani katika kundi hilo? Mimi nilikuwa mtaalamu. Maana mara mbili nilikuta boksi la keki pipani ghorofa ya nne, na mara zote mbili Ndege alikuwa amepanda. Heshima niliyopata! Nilipewa kiti chenye mgongo. Nilipakuliwa wa kwanza.

"Papa Araali," Mama Furaha alikuwa akiniuliza kabla sijavua koti, "pipa linasema nini wiki hii?"

Ijumaa moja asubuhi nikakuta maboksi matatu. Keki tatu kwa watu kumi na wawili! Nilikaa juu ya ndoo nikahema. Jumamosi nikafika Alby natembea kama mkuu wa mkoa.

"Keki tatu," nikatangaza.

Robert akafungua simu. Akakunja uso. "Ajabu. Ndege ameshuka tangu Alhamisi. Ameshuka sana."

"Ameshuka na wao wanakula keki?" akauliza Mama Furaha.

Robert akalegeza tai, na nikaona wazo linamjia usoni. "Mnaona? Wao wanajua kitu. Wanajua atapanda, ndiyo maana wanafurahi, na sisi tunampata kwa nusu bei! Jumatatu soko likifunguliwa, kila mtu aongeze."

"Voilà, ndiyo hivyo," akasema Mama Furaha, akaniongezea nyama.

Jioni ile nikampigia Penina.

"Abwoli, peleka hati."

"Umeona nini?"

"Keki tatu."

Nikasikia kuku wake.

"Araali, hao wanaokula keki, kuna hata mmoja amewahi kufika hapa?"

"Hawana haja ya kufika. Wana vioo."

"Na wanasherehekea kabla ya kuvuna?"

"Ndiyo biashara ya kisasa, Abwoli."

"Haya. Nivune karanga kwanza."

"Karanga! Watu wanazungumza mafuta, wewe unazungumza karanga!"

Nilimpigia Jumapili mara nne. Jumatatu saa moja asubuhi nikampigia tena, akasema kwa sauti ya mtu anayebana meno kwamba ameshaweka hati kwenye mkoba na anaelekea benki. Saa sita mchana akatuma ujumbe: "Nimetia dole gumba. Sasa niache."

Nikaacha. Kufikia jioni Ndege alikuwa amenyonyoka manyoya. Ijumaa alikuwa kuku. Wiki iliyofuata alikuwa yai. Nikampigia Penina azuie mkopo, simu imezimwa. Alipoiwasha, kesho yake, akaniambia kwa unyonge, "Mbona umechelewa? Fundi ameshachimba msingi."

Wenzangu hawakunipigia kelele. Jumamosi ile Mama Furaha alinipakulia wa mwisho, wali bila nyama, akasema tu, "Papa, kula." Ingekuwa afadhali anitukane. Robert hakuwapo. Mkewe ndiye aliyekuja kutuambia kwa hasira yake, maana walikuwa wamegombana: Jumatatu ile, sisi tulipokuwa tunaongeza, mumewe alikuwa anauza. Kila alichokuwa nacho. Alitaka watu wa kumnunulia, na watu hao tulikuwa sisi. Huyo ndiye Robert wa Sundbyberg. Siku hizi anajifanya hanioni kwenye treni, na mimi nakaa kiti cha mbele yake makusudi, namtazama tai.

Kilichonichoma zaidi kilikuwa zile keki. Nikamngoja Göran kwenye mashine ya kahawa.

"Göran, keki zile tatu zilikuwa za nini?"

Akafurahi kuulizwa. "Tulikuwa tumeweka dau kwamba ile kampuni yenye nembo ya ndege itaanguka. Ikaanguka!"

Nilimwambia anieleze taratibu kama anamweleza mtu wa darasa la nne. Akachukua mikate midogo ya mdalasini akaipanga mezani. Nitawaeleza kwa karanga, ndiyo lugha yangu. Unaazima gunia la karanga kwa jirani wakati bei iko juu. Unaliuza siku hiyo hiyo. Halafu unakaa, unaomba karanga zishuke. Zikishuka, unanunua gunia jingine kwa bei ya kutupa, unamrudishia jirani gunia lake, kinachobaki ni chako. Hukulima, hukuvuna, na siku ya mavuno mabaya wewe ndiye mwenye kucheka.

"Kwa hiyo mlikuwa mnafurahi kwa sababu kijijini kwetu mambo yameharibika?"

Göran akashtuka kwa dhati. "Hapana, hapana! Hatukuwaza kijiji. Tulitazama namba tu."

Nikamsadiki. Hapo ndipo nilipoelewa jambo hili la masoko na nchi zetu za mafuta, bila shule. Huku mtu akiingia nyumbani kwako anavua viatu mlangoni, hata kama ni fundi wa bomba. Fedha ya soko haivui viatu. Inaingia navyo, inasimama ukumbini, inakuambia jenga, panua, kopa, uza nyavu; na ikisikia mlio wowote inatoka mbio, nawe unabaki na matope ya kusafisha. Wenye nchi inayosimama huwa na kitu kingine kinachowalisha wakati yule mgeni anaingia na kutoka. Wanorwe hapa jirani wana mafuta tele, lakini walikuwa na samaki kabla na samaki wanao bado. Sisi tuliuza nyavu kabla ya kuona mafuta.

Ndege alipokosa fedha aling'oa kambi. Lami ikaishia mbele ya duka la saruji, ghafla, kama sentensi ya mtu aliyekatwa kauli. Mpaka leo pikipiki zinaruka pale. Yokana wapangaji wake hawakuja, na benki imekosa wa kumuuzia vyumba vile, kwa hiyo Yokana anafugia mbuzi humo. Kila mbuzi ana chumba na choo cha ndani. Hakuna mbuzi Afrika Mashariki wanaokaa vizuri kama wale.

"Göran," nikasema siku ile kwenye mashine ya kahawa, "na hao waliokuwa wakishikilia hisa za kampuni, wakaikimbia, ni akina nani?"

"Mifuko ya pensheni, wengi wao. Labda hata ya kwako."

Nikacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka. Mnazijua zile bahasha za rangi ya machungwa zinazokuja kila mwaka kutueleza pensheni yetu. Zangu nilikuwa naziweka chini ya droo ya vijiko, sijafungua hata moja. Nikazibeba zote kwa Mama Furaha, yeye anasoma Kiswidi vizuri. Akavaa miwani, akasoma, akaingia kwenye simu kutafuta, akasoma tena. Miaka mingi nyuma niliambiwa nichague mfuko, nikachagua mmoja kwa sababu jina lake lilikuwa na neno Afrika. Mfuko ule ulikuwa na Ndege. Wiki ile ile ya keki ukamuuza.

"Papa," akasema Mama Furaha, akivua miwani, "wewe ulikimbia kabla yetu."

"Mimi nilikuwa napiga deki!"

"Pensheni yako ilikimbia. Wewe ulibaki na mopu."

Mtu wa tatu, basi, ni mimi. Araali wa Alby, msafishaji. Nilisaidia kuiua barabara ya kwetu kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto nikampigia dada yangu simu aweke rehani kaburi la mama.

Miezi saba nilikaa na kitu hicho. Kila nilipompigia Penina aliniongezea. "Wamekuja wanaume wawili na futi, wanapima." Wiki nyingine: "Wameuliza kaburi lile ni la nani." Nilizima mashine ya kufyonza vumbi katikati ya ukumbi nikalia, kisha nikaiwasha tena ili nilie kwa sauti. Sikumpigia ndugu mwingine yeyote kuuliza. Aibu ilinifunga mdomo. Fedha za kuwalipa benki sikuwa nazo, na mgongo, ambao Aino alinionya, ukachagua miezi ile ile kukatika.

Siku yangu ya mwisho kazini walinikusanyikia jikoni, wote kumi na wawili. Göran akafungua boksi. Keki ya kijani, na ua la waridi juu.

Nilisimama pale na kitambaa cha buluu mkononi. "Nani ameanguka leo?" nikauliza.

Wakacheka kwa adabu. Sikuwa natania.

"Ni yako," akasema Göran. "Kwa miaka yote."

"Kwa hiyo ni mimi."

Hapo simu ikalia. Penina, kwa video. Nikataka kuikata, kidole kikakosea, uso wake ukajaa kwenye kioo. Nyuma yake kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka mlima wa karanga, na nyuma ya karanga mihogo imesimama, na pembeni ya mihogo nikaona msalaba wa saruji wa mama.

"Abwoli! Hilo si shamba?"

"Ni shamba. Ulitaka liwe nini?"

"Benki je?"

"Benki gani? Sijawahi kufika benki. Hati iko chini ya godoro."

"Ulisema umetia dole gumba!"

"Nilitia. Kwenye unga, nikikanda. Ulikuwa unanipigia kama mdeni, nikaona nikudanganye nivune kwa amani."

"Na wanaume wenye futi? Miezi saba, Abwoli! Nimelia miezi saba!"

"Najua. Nilitaka ulie kidogo. Ungeniuzia mama yangu kwa keki, Stefano."

Stefano ndilo jina langu la ubatizo.

Göran akaegemea kutazama. Nikamgeuzia simu. "Huyu," nikamwambia, "ndiye kitalu cha tatu."

Akamtazama Penina, akatazama karanga, akatazama ule msalaba. Masikio yakamwiva. "Jaså," akasema, polepole, na safari hii lilitoka mbali kidogo.

"Huyo ndiye mla keki?" Penina akauliza. "Mwambie aje, kuna kazi ya kubangua." Kisha akaniona nashika kisu. "Na wewe unakula nini hapo?"

"Keki."

"Keki ya nini?"

Miaka ishirini na miwili, na hatimaye mtu ameuliza kabla keki haijaliwa.

"Ya karanga, Abwoli," nikasema. "Tumevuna." Nikakata kipande kikubwa, chenye waridi.